Hatua Tatu za Mwanga

Ma Kokwijuka aliniwekea punje nne za kahawa kiganjani, akafunga kikapu chake kidogo, akampita Afande Mligo kana kwamba hapakuwa na mtu pale.

Mimi nilitafuna. Kahawa ya kuchemshwa na viungo, kisha ikaanikwa juani. Kwetu Uhaya mgeni hupewa aitafune kabla hata hajaulizwa anatoka wapi. Asiyepewa anaelewa. Afande Mligo alielewa. Alikuwa na miaka sita kwenye Kikosi cha Moto, na kwa miaka hiyo sita alikuwa hajatafuna punje hata moja. Alivua kofia, akasema, "Shikamoo, mama," akaitikiwa kwa midomo tu, akarudi barabarani kuliegemea gari lake la matangi.

"Huyo amekuja kuchoma shamba langu," Ma Kokwijuka alisema, bila kupunguza sauti.

"Amekuja kusubiri, Ma. Inayoamua ni filamu."

"Na filamu inaamuliwa na nani?"

Nilianza kufungua boksi la kamera. Swali hilo nilikuwa nalo mwenyewe miaka miwili, na lilikuwa limeninyima usingizi wa kutosha.

Naitwa Kemilembe, mpiga picha wa kiapo. Jina la kazi ni kubwa kuliko kazi. Tangu mashine zilipojifunza kutengeneza picha ya jambo lolote, hata lisilowahi kutokea, mahakama zetu haziamini picha isiyokuwa kwenye filamu. Droni zinaweza kupita juu ya shamba lako zikakuonyesha kila jani kwa rangi za kupendeza, na wakili aliyeanza kazi juzi atazitupa nje kwa dakika mbili. Filamu ina ushahidi wa kushikika mkononi: mwanga umeigusa au haujaigusa. Kwa hiyo kuna watu wachache kama mimi, tunaozunguka na kamera za zamani kuliko sisi, tukipiga picha migomba.

Migomba, kwa sababu ya mnyauko kimya. Huo ugonjwa una hila. Jani hubaki kijani wiki tano nzima huku ndani limeshakwisha, na jicho haling'amui kitu. Lakini kuna mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, infraredi, ambao jani zima huurudisha kwa wingi na jani lililokufa ndani huumeza. Filamu yetu inauona. Mgomba mmoja ukionekana mgonjwa, Kikosi kinachoma kilomita nzima kila upande, na ardhi inafungwa miaka kumi. Kwa Ma Kokwijuka kilomita hiyo ilikuwa na nyumba yake, majirani zake wote, na makaburi manane ya watu wake yaliyomo humo humo kati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu.

Nilisimamisha stendi mbele ya kigingi cha serikali. Kutoka pale nilipata migomba tisa ya mbele iliyoangalia barabara, mingine mingi nyuma yake, na kulia kabisa, kwenye kona ya mpaka, mulamula mmoja, mti mrefu wenye majani membamba. Kila shamba la huku lina milamula mipakani. Hakuna anayeigusa, maana kuugusa mulamula wa mpaka ni kumwita jirani mwizi.

Ma Kokwijuka alitokea amevaa gauni la Jumapili na mtandio mpya.

"Nikae wapi?"

"Hapana, Ma. Picha hii ni ya migomba tu."

"Migomba peke yake? Bila mwenyewe?" Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyefundishwa adabu mbovu. "Haya. Mambo ya serikali."

Nikalenga kwanza, kwa sababu ukishafunga kichujio huoni kitu. Ni kioo cheusi tii. Kisha nikasogeza pete ya lenzi hadi kwenye nukta nyekundu, maana infraredi haitui mahali unapotua mwanga wa macho. Ikabaki kasi. Boksi la filamu limeandikwa mia nne, lakini hiyo ni kasi ya mwanga wa kawaida. Nyuma ya kichujio filamu ile ile hupungua nguvu, na Jedwali la vipimo la Idara linaamuru tuihesabu kumi na mbili. Jua lilikuwa linawaka, anga safi hadi ziwani. Jedwali: tundu la lenzi kumi na sita, shata moja ya kumi na tano ya sekunde. Nikaweka hivyo hivyo, nikaandika kwenye fomu, nikabonyeza. Saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Katika mfuko wa shati langu, upande wa moyo, kulikuwa na kipande kingine cha filamu, cha mahali panapoitwa Kabirizi. Nitakuja kukieleza. Hapa niseme tu kwamba nilikigusa kabla ya kubonyeza, kama ninavyofanya siku zote, na kwamba sikuwahi kukitazama tangu siku nilipokiweka humo.

*

Filamu tunaisafisha pale pale shambani, chini ya macho ya mwenye shamba na afisa wa moto, ili mtu asije akasema imebadilishwa njiani. Nilikata fremu ndani ya mfuko wa giza, nikaitia kwenye tangi, nikamimina dawa, nikaanza kulitikisa kwa saa ya mkononi. Ma Kokwijuka alikuwa ameketi kwenye kigoda. Afande Mligo alisimama hatua tano kutoka kwake, akihesabu vifungo vya viatu vyake.

Niliitoa nikaiinua juani.

Kwenye negativu mambo hugeuka. Jani zima hutoka jeusi. Jani lililokufa hutoka wazi, unaona hadi upande wa pili. Migomba ya nyuma ilikuwa myeusi, mizuri. Migomba tisa ya mbele ilikuwa wazi kama kioo cha dirisha.

"Imekwisha," Afande Mligo alisema taratibu. Hakusema kwa furaha, hilo nampa haki yake. Akatoa redio kiunoni.

"Nini kimekwisha?" Ma Kokwijuka aliinuka. "Kemi, mwanangu, nini kimekwisha?"

"Subiri, Afande," nilisema. "Kuna fremu ya rufaa."

Kila shamba lina kaseti mbili. Ya kwanza ni ya hukumu, ya pili ni ya rufaa, na ya pili lazima ipigwe ndani ya saa tatu, kutoka kigingi kile kile. Ni watu wachache huitumia. Ukweli ni kwamba niliisema kwa kutaka kuvuta muda tu.

Nikachukua kioo cha kukuzia nikaitazama tena ile negativu. Na hapo ndipo akili iliporudi. Mulamula kwenye kona ulikuwa mweusi kama inavyotakiwa, kwa hiyo mwanga niliupima sawa. Lakini ugonjwa gani huu, unaojipanga mstari mmoja kando ya barabara, tisa kwa tisa, na haujagusa hata mmoja wa nyuma? Mnyauko hupita kwenye mizizi. Hauna sababu ya kutazama barabara.

Nikauendea mgomba wa kwanza nikashika jani. Kidole kilitoka kijani.

Nikasimama pale, kidole juu, nikamwangalia Ma Kokwijuka. Yeye akaangalia paa la nyumba yake. Nikafuata macho yake. Paa lilikuwa la bati la kijani, limepakwa karibuni, kijani ile ile.

"Ma," nilisema, "umepaka majani rangi?"

"Mvua ya mawe ilipita wiki jana!" Alikuwa mkali, kama mtu aliyekutwa jikoni na nguo za ndani. "Imenichania majani yote ya mbele, yamepiga manjano kingo zote. Nasikia mtu anakuja na kamera. Kamera, Kemi! Picha itakaa serikalini milele. Nimpokee mgeni na shamba limechanika hivyo, watu waseme Kokwijuka amezeeka hajui usafi? Rangi ya bati ilibaki ndoo nusu. Nikapanda ngazi."

"Ulipanda ngazi."

"Siku mbili. Mgongo huu hapa."

Afande Mligo alifunika mdomo kwa kofia. Sijui kama alikuwa anacheka au anaomba. Mimi nilikuwa na hamu ya kumkumbatia yule mama na kumpiga kofi kwa wakati mmoja. Filamu hii, watu wa zamani waliipendea vitani, kwa sababu kwenye picha iliyochapwa karatasini hema lililopakwa kijani lilionekana jeusi katikati ya nyasi hai. Rangi ya bati haina uhai wa kurudisha infraredi. Ma Kokwijuka alikuwa ameivika migomba yake sanda, kwa ajili ya usafi.

"Afande," nilisema, "sheria inasema kitu kigeni kwenye jani kitajwe na kiondolewe kabla ya fremu ya rufaa."

Akatazama saa. "Hadi saa saba na ishirini. Baada ya hapo, Dada Kemilembe, mimi sina mamlaka ya kusubiri." Kisha akaongeza, "Mnahitaji maji kiasi gani? Gari langu lina tangi moja la maji."

*

Rangi ilikuwa ya maji na haijashika vizuri. Majivu, sabuni ya mche, matambara. Ma Kokwijuka alivua mtandio wa Jumapili akautumia kama kitambaa, na hapo nikajua hofu imemwingia kweli. Afande Mligo alishika ngazi. Jani moja, la mgomba wa tano, niliwaambia waoshe nusu tu na nusu nyingine waiache na rangi yake, ili picha ijieleze yenyewe.

Tulimaliza saa sita na robo, na jua likaondoka.

Mtu asiyekaa karibu na ziwa hawezi kujua mawingu yetu. Hayaji na ngurumo. Yanapanda tu kutoka majini, meupe, laini, na kwa macho mchana unabaki mchana. Unaweza kusoma, unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Kipima mwanga changu kilisema mwanga umepungua kidogo tu. Lakini kipima mwanga ni jicho, na jicho halioni infraredi. Ule mvuke wa ziwa unakula mwanga ambao sindano ya kipima haiwezi kuusoma.

Jedwali la Idara, kwa mawingu: ongeza hatua moja, isizidi. Kila hatua ni kuzidisha mwanga mara mbili. Jedwali lile lilitungwa kwenye maabara iliyo nchi kavu, ambako wingu ni kitu cha kupita.

Sasa nieleze Kabirizi. Miaka miwili kabla ya hapo nilipiga picha bonde la Kabirizi chini ya wingu kama hili. Niliongeza hatua moja, kama Jedwali linavyosema. Negativu ikatoka wazi, migomba yote, bonde zima. Nyumba mia mbili na kumi na mbili zikapoteza mashamba. Wakulima walisema migomba ilikuwa mizima, lakini wakulima wote husema hivyo. Mimi nilikuwa nimefuata Jedwali, na hakuna aliyenilaumu.

Upande wa pili kuna Kahangwa, mwenzangu niliyekula naye kiapo. Yeye aliwaonea watu huruma. Aliongeza hatua mbili za wizi, akaandika hana alichoongeza, majani yenye ugonjwa yakatoka meusi ya kupendeza, na mnyauko ukatembea hadi wilaya nyingine mbili. Watu huko wanakula unga wa msaada mpaka leo. Kahangwa yuko gerezani, na ndiyo maana Idara siku hizi inasoma mstari wa mwanga kwenye fomu kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Kwa hiyo mwanga ukiwa mdogo unachoma wazima, ukiwa mwingi unawaficha wagonjwa, na mimi nilikuwa na fremu moja na saa moja.

Nikautazama ule mulamula. Mnyauko kimya hauna habari na mulamula. Ni wa migomba tu. Saa nne asubuhi, juani, ulikuwa umetoka mweusi wa kiasi fulani ninachokijua, nilikuwa nao mkononi. Nikitafuta mwanga utakaoutoa mulamula mweusi wa kiasi kile kile sasa hivi, chini ya wingu hili, basi huo ndio mwanga wa kweli, na migomba itasema yenyewe.

Nyuma ya fremu yenye namba, kaseti ya kwanza ilibakiwa na mkia wa filamu, sentimita kumi na tano, wa kushikia tu. Sheria haiutaji. Nikaurudisha kwenye kamera, nikaulenga mulamula peke yake, nikapiga mara nne: hatua moja, mbili, tatu, nne. Nikasafisha, nikaupanga mkia ule kando ya negativu ya asubuhi.

Hatua moja, ile ya Jedwali: mulamula ulio hai, unaopepea mbele yangu, ulitoka wazi. Umekufa. Hatua mbili, kijivu. Hatua nne, lami tupu. Hatua tatu ilikaa sawa na ya asubuhi kiasi kwamba nilizibadilisha mikononi nikasahau ipi ni ipi.

Nikafungua tundu hadi nane, hatua mbili, shata moja ya nane ya sekunde, hatua ya tatu, nikarudisha lenzi kwenye nukta nyekundu. Upepo ulikuwa unacheza na majani. Nikangoja utulie. Saa saba na dakika mbili nikabonyeza.

Dakika arobaini baadaye negativu ya rufaa ilikuwa inadondosha maji kwenye kamba ya nguo ya Ma Kokwijuka. Migomba minane ya mbele: myeusi. Wa tano, jani lake moja, nusu nyeusi na nusu wazi, mpaka ulionyooka pale tambara lilipoishia. Mulamula: mweusi kama wa asubuhi. Shamba lilikuwa zima.

Nikakaa chini kwenye nyasi.

*

Ikabaki fomu.

Mstari wa saba: *Mwanga ulioongezwa juu ya Jedwali la jua.* Nafasi ya tarakimu moja. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Ikizidi kipimo cha mawingu, fremu ni batili, isipokuwa afisa wa moto ataikubali kwa sahihi yake.* Hakuna afisa aliyewahi kuikubali. Baada ya Kahangwa, nani angethubutu?

Kamera hizi hazirekodi kipimo chochote. Nikiandika moja, negativu nzuri ile inapita, Ma Kokwijuka analala kwake, mimi naenda nyumbani. Picha ya kweli, karatasi ya uongo. Nani ataumia?

Nilitoa kile kipande cha Kabirizi mfukoni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nilikiweka juu ya mwanga. Migomba wazi, kama nilivyoikumbuka. Nikasogeza kioo cha kukuzia hadi pembeni, kwenye kona ya shamba la mbele.

Palikuwa na mulamula. Ulikuwa wazi.

Nikakibeba kipande kile na kioo hadi kwenye hema langu dogo la kazi. Kisha nikamwita Ma Kokwijuka ndani ya hema, kwa sababu shamba lilikuwa lake, sikuwa na haki ya kulichezea kamari peke yangu. Nikamweleza yote: moja itakuokoa, tatu inaweza kukuchoma.

"Andika moja!" alisema kabla sijamaliza. "Wewe mtoto una wazimu? Andika moja, uje ule."

"Sawa, Ma. Lakini nitazamie hiki kwanza." Nikampa kioo. "Huu ni mulamula?"

Akatazama, jicho moja amelifumba. "Ndiyo. Wa wapi huu?"

"Kabirizi. Filamu inasema umekufa."

"Mulamula?" Alicheka kwa dharau. "Mulamula haufi. Ung'oe, utupe njiani, ukanyagwe na ng'ombe, mwezi ujao umechipua. Mimi nina miaka sitini na saba sijaona mulamula uliokufa. Kamera yako siku hiyo ilikuwa kipofu."

Kisha akakishusha kioo. Nikaona maneno yake mwenyewe yakimfikia.

"Mke wa mdogo wangu ni wa Kabirizi," alisema. "Tumempa chumba kile cha nyuma. Kila asubuhi anauliza, kati ya ile miaka kumi imebaki mingapi."

"Nikiandika tatu, na hizi picha za mulamula zikaambatana, watajua Jedwali lina kosa kwa mawingu ya huku. Kabirizi wanaweza kufunguliwa. Nikiandika moja, siku nyingine likija wingu, wataongeza moja. Mimi au mwingine."

Aliketi kwenye boksi langu la dawa. Mikono yake bado ilikuwa na kijani kwenye kucha. Alilia kidogo, kwa hasira, akajifuta kwa mtandio ulioharibika, akajipaka kijani shavuni.

"Waitu, mwanangu, kwa nini hukunidanganya tu?" alisema. "Ungeandika moja ukanyamaza, ningekushukuru maisha."

"Najua, Ma."

"Andika tatu." Akasimama. "Na pale penye rangi, usiandike nilikuwa naficha. Andika ukweli. Nilikuwa napokea mgeni."

*

Afande Mligo alisoma fomu akiwa amesimama, kidole chini ya kila mstari. Nilijua alipofika wa saba kwa sababu kidole kilisimama.

"Tatu."

"Tatu, Afande. Mkia huu hapa, na negativu ya asubuhi. Linganisha mwenyewe."

Alilinganisha. Aliomba kioo cha kukuzia. Alivihesabu vipande vya mkia kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, kama mtoto wa darasa la kwanza. Redio kiunoni ilikoroma, mtu akauliza kama waanze kuja. Akaizima.

"Kwenye sababu ya rangi umeandika, 'Kupokea mgeni.'"

"Ndivyo alivyosema mwenyewe."

Hakucheka. Alimtazama Ma Kokwijuka, aliyesimama mlangoni na shavu la kijani na gauni lililolowa, kisha akanitazama mimi.

"Kabirizi ulitumia Jedwali?"

"Nilitumia. Mulamula wa Kabirizi ni huu hapa."

Akauinua juu ya mwanga. Akaurudia kwa kioo cha kukuzia.

"Nilichoma mimi," alisema. "Baada ya moto nilipasua shina moja kwa panga. Mgomba mgonjwa ndani huwa na rangi ya chai. Lile lilikuwa jeupe. Nikapasua la pili. Jeupe. Nikamwambia mkubwa wangu, akaniuliza, Jedwali lilifuatwa? Nikasema lilifuatwa. Akasema basi." Alinirudishia kipande. "Nikanyamaza, Dada. Miaka miwili nimenyamaza, nikidhani ni mimi tu ninayejua."

Akaweka fomu juu ya boneti ya gari lake na kutia sahihi. Aliandika jina lote, Erasto Mligo, na cheo, na saa, na pembeni: *Nimelinganisha mwenyewe. Nakubali.*

Nikaisoma ile sahihi mara mbili. Ma Kokwijuka alishika nguzo ya hema, akasema jina la marehemu mumewe mara tatu, tena akasema, "Ah."

"Na fomu ya kurekebisha Kabirizi iko wapi?" Afande aliuliza, kalamu bado mkononi.

"Sijaiandika."

"Iandike sasa hivi. Nitaweka na habari ya mashina. Kama watanifukuza, watufukuze wote wawili."

Nikaandika palepale, nimepiga magoti kwenye nyasi, mwandiko ukinipinda. Alisaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kisha akawasha redio, akawaambia vijana wake wageuze magari, hakuna moto leo.

Tulipokuwa tunakunja stendi, Ma Kokwijuka alitoka ndani. Alikuwa ameosha uso, lakini kijani ya sikioni hakuiona, na hakuna aliyemwambia. Alikuwa na kile kikapu kidogo. Alinipita mimi, akasimama mbele ya Afande Mligo, akafungua kifuniko, akamwekea punje nne kiganjani.

Afande alizitazama tu, kiganja kimefunguka.

"Tafuna," Ma Kokwijuka alisema. "Ni kali kwa asiyezoea, usiteme."

Akatafuna. Uso ulimkunjamana, macho yakamjaa maji, na sidhani yote yalikuwa ya kahawa. Ma Kokwijuka akamsubiri amalize. Kisha akamvutia kigoda.

"Haya, baba," alisema. "Unatoka wapi?"